Konvata za JSON: wadogo zangu, testi ya kwenda na kurudi haitoshi

Nimetoka kuriviu kodi za vijana wapya na nimekuta yaleyale: konvata ya C# (kodi inayogeuza objekti kuwa JSON, yaani maandishi ya kupeana data, na kuirudisha) imeandikwa vizuri, halafu testi ni moja tu, geuza objekti iwe JSON, irudishe, linganisha, kijani (imepita), merji. Nawapenda ila hapa tusikilizane.

1. Testi hiyo inaonyesha Write (sehemu ya konvata inayoandika JSON) na Read (inayoisoma) zinaelewana, basi. Zikikosea pamoja hutajua. Kuna ofisi tulikuwa na konvata ya tarehe ya kuzaliwa, mtu kazaliwa 1/1/2000, kwenye DateTime inakaa kama saa sita usiku ya huku kwetu, Write inaipeleka UTC (saa ya pamoja ya dunia) kwanza ndo inaandika, na sisi tuko UTC+3, kwa hiyo inatoka "1999-12-31T21:00:00Z". Read inaisoma, inairudisha saa za huku, unapata 1/1/2000 yako safi. Kwenye laptop kijani, kwenye seva kijani. Sasa mfumo wa upande wa pili unataka tarehe tu, unakata herufi 10 za mwanzo, kila mteja anaonekana kazaliwa siku moja kabla, haifanani na kitambulisho, anakataliwa. Mtu amesimama kaunta, kitambulisho mkononi, anaambiwa taarifa sio zake! Na huku sisi tunawajibu watu wa kaunta kwamba mfumo uko sawa, testi zimepita. Inaniuma mpaka leo kwa sababu testi ya kudaka hilo ni mstari mmoja: Assert.Equal("\"2000-01-01\"", json). Hiyo JSON unaandika kwa mkono kama mlivyokubaliana na wenzenu, usikopi kile konvata ilichotoa. Na kama ni tarehe bila saa tumia DateOnly, toka .NET 7 System.Text.Json (maktaba ya JSON tunayoitumia) inaijua yenyewe, konvata ya nini tena.

2. Kwenye testi usiite Read moja kwa moja. Utf8JsonReader (kisomaji cha JSON) ukiitengeneza mwenyewe inaanza kwenye TokenType.None, yaani haijasoma kitu, ila JsonSerializer ikiita konvata yako inakuwa ishaisogeza mpaka tokeni ya kwanza. Weka konvata kwenye JsonSerializerOptions, pitia mlango wanaopitia wote.

3. Kwenye JSON ya testi badilisha mpangilio wa fildi, ongeza fildi usiyoijua, iweke ndani ya listi. Konvata ya objekti lazima iishie kwenye EndObject yake (ile } ya kufunga), isibaki nyuma wala isimeze ya jirani.

4. Null. Kama aina yako ni class, null ikija konvata haiitwi kabisa mpaka uwashe HandleNull kwenye konvata. Kuna dogo aliandika if nzuri ya null, na komenti juu, haijawahi kukimbia hata siku moja, na hakuna testi ya kumwambia.

5. Hela: decimal.Parse bila InvariantCulture (kanuni za namba zisizobadilika kwa nchi), "1.500" kwenye mashine ya de-DE (Kijerumani, nukta inatenganisha maelfu) inakuwa 1500. Badili CurrentCulture ndani ya testi uone mwenyewe. Mwenye konvata ya sarafu nimekuachia komenti, weka hiyo testi leo hii nikumerjie.