Kilomita si saa: hesabu safari yako mwenyewe

Kuna msomaji kaniandikia akilalamika. Kikokotoo cha umbali kimemwambia London hadi New York ni kilomita 5,540 hivi, mwendo wa saa 6 na kitu. Tiketi yake inasema 8. Anauliza, amepunjwa?

Hujapunjwa, ndugu yangu. Kikokotoo huchukua njia fupi kabisa kwenye mviringo wa dunia, kikaigawa kwa kasi ya ndege, kilomita 850 hadi 900 kwa saa, basi. Saa za tiketi huanza ndege inapoondoka langoni na kuisha inapoegeshwa, foleni ya kuruka ikiwemo. Halafu kuna upepo. Huko juu unavuma kwa nguvu kutoka magharibi kwenda mashariki, ndiyo maana kurudi London ni haraka kuliko kwenda. Februari 2020 dhoruba iliisukuma ndege moja kutoka New York ikafika London chini ya saa 5! Na anga ikifungwa ndiyo balaa: tangu Urusi iyafungie mashirika mengi ya Ulaya anga yake mwaka 2022, Helsinki hadi Tokyo imetoka saa 9 hivi hadi 13.

Haya sikufundishwa na mtu. Niliwahi kumpelekea wakala wa tiketi hesabu zangu kwenye karatasi, nikimwonyesha kuwa muda aliouacha kati ya ndege zangu mbili hautoshi. Tiketi zenyewe zilikuwa mbili tofauti, kwa hiyo ningetua, nipange foleni ya pasipoti, nisubiri begi, kisha nijiandikishe upya kwenye jengo jingine. Akacheka mbele ya wateja. "Bosi, kompyuta haikosei."

Nilikataa, nikachukua ndege ya baadaye. Siku yenyewe ndege ya kwanza ilichelewa, na nilipofika kaunta, ile aliyoning'ang'aniza ilikuwa imeshafungwa. Nikakaa nikisubiri yangu, miguu nimenyoosha. Yule wakala hajawahi kuniomba radhi, na kile kicheko bado nakisikia.

Sasa wewe unayepanga safari ndefu (na unapanga, la sivyo usingekuwa hapa), usimwachie mtu hesabu zako. Kumbuka saa za tiketi ni za kila mji. Ukiondoka London 11:00 ukafika New York 14:00, si safari ya saa 3. Badilisha zote mbili ziwe saa za Greenwich: wakati wa baridi, 11:00 ya London inabaki 11:00, na 14:00 ya New York ni 19:00, kwa hiyo safari ni ya saa 8. Hesabu. Kisha hesabu tena, safari hii ukianzia mlangoni kwako hadi mlango wa unakokwenda. Watu hawahesabu, halafu wanalia kaunta! Na tiketi zikiwa mbili tofauti, acha nafasi kubwa zaidi, kwa sababu kwa kawaida shirika la pili halina wajibu wa kukusubiri wala kukuhamishia ndege nyingine bure.