Haki na Amani parokiani: anza na milango ya watu, matamko yatafuata

Tumsifu Yesu Kristo mkuu. Nimesoma swali lako, kwamba umechaguliwa mwenyekiti wa kamati ya Haki na Amani parokiani kwenu, umeikuta kamati ipo kwenye karatasi tu, waumini wengine wanasema hizo ni siasa na wengine wanachotaka ni siku ya kugawa misaada yenye matisheti na picha, sasa unauliza uanzie wapi. Nimekaa kwenye utume huu miaka mingi, kwanza upande wa kutembelea wagonjwa na maskini, alafu nikahamishiwa huko uliko wewe, so nitajibu kwa nilichoona. Ni ndefu kidogo, vumilia.

Kiukweli shida naiona inaanzia pale parokia inapowapa watu tofauti kazi ambayo ni moja. Kuna wale wa Karitas au wa chama cha Mtakatifu Visenti wa Paulo, vikundi vya Kanisa vya kusaidia maskini, wanaobeba mifuko nyumba kwa nyumba, wanajua nani kalala njaa, nani mwanae karudishwa shule, nani anapigwa, ila hamna anayewauliza kitu. Alafu kuna Haki na Amani, wasomi wasomi hivi, mwalimu mstaafu, wakili, mtu wa benki, wanakaa ukumbini wanaandika tamko kuhusu umaskini na hakuna hata mmoja wao aliyekanyaga nyumba ya maskini mwezi huo. Tamko linasomwa kwenye matangazo baada ya komunyo, watu wanaangalia saa, kwisha habari.

Kuna bibi mmoja tulikuwa tunampelekea mahitaji. Tunaenda wawili wawili, na utaratibu wa kuwafuata watu majumbani sio wa jana, Frédéric Ozanam na wanafunzi wenzake walipoanzisha hicho chama cha Visenti wa Paulo huko Paris mwaka 1833 walianza hivyo hivyo, na aliyewaonyesha familia za kwenda alikuwa sista mmoja, Rosalie Rendu, ambaye alikuwa anawajua maskini wa mtaa ule kwa majina. Sasa siku hiyo bibi akaangalia mlango kwanza, akaingiza mkono chini ya godoro akatoa mfuko wa nailoni, ndani kuna bahasha imekunjwa mpaka imeanza kuchanika kwenye mikunjo, akasema wanangu hebu nisomeeni hii. Ilikuwa notisi ya kuhama. Tukamuuliza jirani, akaingia ndani akatoka na ya kwake. Mlango wa tatu hivyo hivyo, barua ile ile, imebadilishwa jina tu, mojawapo jina la mwanzo limefutwa kwa wino mweupe likaandikwa lingine juu! Na katika watu wote wale hakuna aliyemwambia mwenzake, kila mmoja alidhani ni aibu ya kwake peke yake.

Hapo mkuu ndo Haki na Amani inapoanzia. Mfuko wa chakula ulitufungulia mlango, lakini kilichokuwa kinamnyima yule bibi usingizi ni karatasi. Tukawakusanya kwenye chumba cha katekesi, wakili muumini wetu akazisoma zile barua pamoja na mikataba yao, ikaonekana muda waliopewa ni mfupi kuliko ulioandikwa kwenye mkataba. Wakaandika barua moja wenyewe, wasiojua kuandika wakaweka dole gumba, sisi kamati tukasindikiza tu. Mwenye nyumba akakubali kukaa nao meza moja. Sitakudanganya kwamba wote walibaki, kuna waliohama, ila walihama kwa muda wao na pango walilolipa mbele wakarudishiwa. Na tamko hatukuandika hata mstari mmoja.

Kwa hiyo ushauri wangu mkubwa ni huu, usiitishe kikao cha kamati kwanza. Omba kuambatana na wale wa mifuko. Kila mwanakamati wako aende, na yule anayesema yeye yupo bize aende wa kwanza. Na paroko pia, badala ya kumpelekea andiko la mradi kurasa kumi mwombe mchana mmoja atembee na nyie, padre akishakaa kwenye kigoda cha mtu na kusikia mwenyewe huhitaji tena kumshawishi.

Sasa hili la siasa. Watakuambia tu, na wengine wana nia njema kabisa, wanaogopa parokia kugeuka jukwaa. Usibishane kwa hisia, waonyeshe maandishi. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, kanuni ya 222, inasema waamini wana wajibu wa kuendeleza haki katika jamii na kusaidia maskini kwa mali zao wenyewe, yaani vyote viwili vimekaa kwenye sentensi moja, sio uchague kimoja. Papa Leo XIII aliandika waraka, Rerum Novarum, kuhusu ujira wa haki na haki ya wafanyakazi kuungana tangu 1891 huko, na huyu Leo XIV alipochaguliwa 2025 alieleza mwenyewe kwamba jina alilichukua hasa kwa sababu ya waraka ule. Kwa hiyo anayesema ni mambo mapya amechelewa kidogo. Ila wana pointi sehemu moja: kanuni ya 287 inawakataza makleri, yaani mapadre na maaskofu, kushika nafasi hai kwenye vyama vya siasa, na sisi walei ambao haitubani tukaamua parokiani tuifuate roho yake. Mgombea akija kwenye shughuli yetu anakaribishwa kama muumini mwingine, sadaka yake inaingia kwenye kikapu kama ya mwingine, maiki hapewi. Hata salamu. Ukimpa salamu ataongea nusu saa. Walinuna wengi mwanzoni, sasa hivi wanajua.

Na kuna kitu huwa nakirudia kwenye semina mpaka wananicheka, Matendo ya Mitume sura ya 6. Wajane wa Wayahudi waliokuwa wanasema Kigiriki walikuwa wanasahauliwa kwenye mgawo wa kila siku, wakanung'unika. Mitume hawakuwaambia muwe wavumilivu, wala hawakuwaongezea mkate siku ile ili wanyamaze, walibadilisha utaratibu wa kugawa, wakachaguliwa watu saba na ukiangalia majina yao yote saba ni ya Kigiriki. Mimi naona wazi kwamba upande uliolalamika ndio ulikabidhiwa meza. Sasa jiulize kwenye kamati yako kuna mpangaji hata mmoja? Mama anayefanya kazi za ndani? Mtu mwenye ulemavu? Kama hamna, ongeza kabla ya kufanya kitu kingine chochote, na mfanye kikao saa ambazo huyo mtu anaweza kufika, sio saa nne asubuhi siku ya kazi.

Kuhusu matukio, sijasema msifanye. Siku ya Maskini Duniani ipo, Papa Fransisko aliitangaza 2016 na ikaanza kuadhimishwa Novemba 2017, Jumapili inayotangulia sikukuu ya Kristo Mfalme, itumieni. Ila foleni ya kupokea vitu ifuteni, watu wakae mezani, wanakamati wachanganyike nao wale pamoja, simu mfukoni. Picha ya ukumbi sawa, picha ya mtu anapokea mfuko hapana.

Na huu mpangilio uchukue maana unafanya kazi: weka meza ya wakili ukutani kabisa, jirani na meza ya kupima presha, foleni iwe moja. Ukiandika bango kubwa MSAADA WA SHERIA mama anayepigwa na mumewe hawezi kupanga mstari pale mbele ya jumuiya nzima. Ila presha kila mtu anapima. Anapimwa, anasogea kiti kimoja, anaongea, anaondoka, hakuna aliyejua alienda kwa nani. Sisi meza ya sheria ilikuwa inakaa tupu mpaka tulipoihamisha.

Mawakili wenyewe usiwaombe "mtusaidie bure", watasema ndiyo mbele ya padre alafu hawapokei simu. Waombe masaa mawili ya kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi, majina yabandikwe ubaoni nani zamu yake, na awepo mtu wa kamati wa kufuatilia zile kesi katikati ya mwezi maana mteja mwenyewe mara nyingi hana hata vocha ya kupiga.