Umeniuliza nani alitoa ngapi

Mwanangu,

Salaam aleikum. Meseji yako niliipata jana usiku, nikaisoma, nikamsomea mamako, akacheka kisha akalia, si unamjua. Umesema saa hii una kazi, mshahara umeanza kuingia, na unataka nikuandikie majina ya watu wa bao waliochanga wakati wa opresheni yako ya moyo, na kila mmoja alitoa ngapi, ili uanze kuwarudishia kidogo kidogo. Swali la mtoto mwenye adabu hilo. Sasa nimeketi nakuandikia kwa kidole kimoja, ukiona maneno yamerukana usinicheke.

Daftari lipo. Lile lenye gamba la bluu, upande mmoja wameandika mabao na upande wa pili michango, manake mwandishi alikuwa mmoja na daftari lilikuwa hilo hilo. Kuna waliotoa 50, kuna waliotoa 200, muuza kahawa kaandikiwa "faida ya Ijumaa" bila nambari, na nahodha mmoja wa Matondoni alitoa samaki wakauzwa pale gatini. Nitakupigia picha ule ukurasa, haina shida. Lakini tangu jana ninachofikiria ni habari ya mtu ambaye jina lake halimo kwenye huo ukurasa.

Ami yako mshona matanga wa Langoni, hapa Lamu.

Wewe unamjua kama mzee anayekupa kashata ukija likizo. Hujui kwamba wakati ule mimi na yeye tulikuwa hatusemezani, mwaka wa pili huo. Ilikuwa ni ile Maulidi ya 2004, mashindano ya bao, watu wamejaa hadi mtu hapati pa kukanyaga, mimi niko kwenye mtaji mzuri sana, yaani zamu ya kumla kete, nikamla, nikazungusha, nikamla tena, akasimama mbele ya wageni wote akasema nimetia kete mbili shimo moja badala ya moja moja. Mbele ya watu! Mimi, fundi wa kuchonga milango, ambaye mkono wangu ndio chakula changu.

Sikuiba. Nakwambia wewe mwanangu kama nilivyowaambia wao. Komwe, hizo mbegu tunazochezea, zinateleza, na siku ile vidole vyangu vilikuwa na mafuta ya mbao, hata kama kete mbili zilianguka pamoja, kuanguka si kuiba. Sasa utaniuliza, kama zilianguka mbona hukusema? Hilo ni swali jingine, na wewe hukuliuliza.

Nimekwambia tangu uko mdogo, mtu humjui mpaka umuone akifungwa. Akishinda kila mtu ni muungwana. Na yeye siku ile alifungwa, akasema vile, nikasema bas, nimeshamjua, nikamfuta. Nikifika barazani yeye anaondoka, akifika yeye mimi naondoka, mpaka wenzetu wakawa wanatupangia zamu kama wake wenza.

Habari ya moyo wako mamako ameshakwambia mara mia kwa hivyo sitarefusha. Ulikuwa ukinyonya unatoka jasho kama mtu aliyebeba gunia, unahema haraka, mwili hauongezeki, na daktari akiweka kipimo kifuani anasikia mvumo. Mombasa wakakupiga picha ya moyo, daktari akanichorea nyuma ya kadi yako ya kliniki, vyumba vinne, na kati ya vile viwili vya chini ukuta una tundu. Damu inayotakiwa iende mwilini, nyingine inapenya pale na kurudi mapafuni. Akasema tusikawie, kwa sababu mapafu yakilemewa miaka mingi mishipa yake inakuwa migumu, na ikifika hapo hata ukiziba tundu haisaidii tena. Hilo ndilo neno lililonivunja mbavu. Tusikawie, na pesa iko wapi?

Niliporudi na ile karatasi nikaiweka juu ya bao, sikuwa na pahali pengine pa kuiweka. Yule mzee wa Mkomani, Mwenyezi Mungu amrehemu, akaiangalia, akaivua miwani, akasema, "Sisi hapa tuna mashimo thelathini na mawili na kila siku tunayajaza tukayamaliza, leo tushindwe na tundu moja?" Watu wakacheka. Mimi nilikasirika, wallahi nilitaka kumrushia kikombe. Lakini yeye ndiye aliyefungua lile daftari upande wa pili na kuandika jina lake kabla ya wengine. Ikawa tangu siku ile anayefungwa anatia pesa kidogo kwenye mfuko wa kete, na kuna watu wakaanza kufungwa kwa makusudi, wachezaji wakubwa kabisa, unaona mtu anaacha mtaji mzuri anachagua ule mbovu. Bao lilikuwa baya sana miezi ile! Sijaona bao baya kama lile maisha yangu yote.

M-Pesa ilikuwa bado, ilikuja mwaka uliofuata, 2007. Kwa hivyo pesa ilikuwa noti, mamako akaishona ndani ya kanga na kuifunga kiunoni, tukashuka gatini alfajiri tuvuke Mokowe tukapande basi. Ilikuwa Novemba 2006, zile mvua, Tana imejaa na barabara upande wa Garsen haieleweki. Watu wa bao walikuwa wamesema nisiende peke yangu, mmoja wao atanisindikiza, nikadhani watamtoa kijana. Nafika kwenye boti namkuta nani? Ameketi mbele, na kikapu.

Sikumsalimu. Yeye ndiye aliyesema, tena hakuniangalia, aliangalia maji, "Mimi nina shughuli zangu Nairobi."

Mshona matanga. Ana shughuli gani Nairobi? Kuna bahari kule?

Safari nzima hatukusemezana. Basi likikwama anashuka anasukuma, likitoka anapanda. Wewe ulilala mapajani mwake kutoka Malindi mpaka Mombasa kwa sababu mimi na mamako tulikuwa tumechoka, na mimi nilijifanya sijaona. Kule hospitali Nairobi wakasema panahitajika watu wa kutoa damu, nikatoa mimi, akatoa yeye, kisha akapotea, nikasema haya, ndiyo hiyo shughuli yake. Akarudi jioni na vijana wanne wa Kiamu waliokuwa wanafanya kazi Eastleigh, wote walijifunza bao kwetu barazani wakiwa watoto, wawili kati yao mimi mwenyewe niliwahi kuwafukuza kwa kelele. Wakapanga foleni wakatoa damu.

Sasa siku yenyewe. Walikuchukua saa mbili asubuhi. Wewe ulikuwa unauliza kama utapewa soda. Daktari alikuwa ametueleza kila kitu, kwamba watafungua kifua, moyo utasimamishwa, mashine itashika kazi ya moyo na mapafu wakati wanashona kiraka juu ya lile tundu, kisha moyo utaamshwa tena. Alieleza vizuri, kwa upole, nami nilikuwa naitikia tu, lakini nikatoka pale na neno moja kichwani, utasimamishwa. Moyo wa mwanangu utasimamishwa. Mamako alibaki ndani kwenye benchi na msahafu. Mimi nilitoka nje kwa sababu miguu ilikataa kukaa.

Nikamkuta chini ya mti, amechuchumaa, anachimba ule udongo mwekundu wao kwa kijiko. Mistari minne, kila mstari mashimo manane. Akatoa mfuko wa komwe kwenye kikapu, akapanga nyumba zote mbili, lile shimo kuu la kila mchezaji, kete sita sita, akaniambia kwa sauti ile ile ya Maulidi, "Haya mwivi, ndoo ukeleti," njoo ukae.

Mwivi! Siku ile! Mtoto wangu amelazwa amefunguliwa kifua na mtu ananiita mwivi.

Nikakaa. Sijui kwa nini. Nadhani nilikaa ili nimfunge halafu nimpige. La kwanza akanifunga hamna, hata kete za mkononi hazijaisha, mstari wa mbele mtupu. Nikasema tena. La pili akanifunga. La tatu nilikuwa na hasira hadi mkono unatetemeka, namua yangu yote, kule kuingiza kete za mkononi, ovyo, na kila nikikosea anacheka puani. Askari wa geti akaja kutufukuza, akasimama akaangalia, akasema kwao Uluoni mchezo huu ni ajua lakini mistari yao ni miwili, akabaki pale pale, akaanza na yeye kunifundisha! La nne, la tano. Mabao matano kwa bila. Hakunionea huruma hata kete moja, na mimi, mwanangu, naona haya kusema, kuna saa nzima mule ndani sikukufikiria wewe hata kidogo. Nilikuwa namfikiria yeye na nyumba yake.

Katikati ya la nne tu ndipo aliposema kitu kingine. Alikuwa anazungusha, hakuinua kichwa, akasema, "Kiraka kikishonwa vizuri, tanga huweza kupasuka kwingine kokote lakini si pale." Kisha akanila kete tisa.

La sita lilikuwa langu. Hilo nitalisema mpaka kaburini. Nyumba yangu ilikuwa na kete kumi na nne, ilikuwa tayari kusafiri, yaani kumwagwa shimo kwa shimo, hana pa kukimbilia, na saa ile ile mamako akatokea mlangoni, kiatu mguu mmoja, ananipungia, nami sikuweza kujua kama analia kwa heri au kwa shari. Saa tisa ilikuwa imepita. Yeye akapitisha mkono juu ya mashimo akazivuruga kete zote, akasema, "Nenda wewe." Kwenye daftari imeandikwa tano kwa sifuri. Ya sita hakuiandika.

Ulikuwa umetoka salama. Mipira kila mahali, mashine inapumua badala yako, lakini rangi ya kucha zako ilikuwa nyekundu, mamako ndiye aliyeiona kwanza. Siku ya tatu ukadai soda.

Sasa mimi miaka yote hii najiuliza. Mara nasema yule bwana alinifunga vile kwa makusudi, alijua kwamba nikihurumiwa nitavunjika na nikikasirishwa nitasimama, alinishonea zile saa zikapita. Mara nasema hapana, usimtukuze mtu bure, alikuwa na kisasi chake cha miaka miwili akanipata nikiwa dhaifu akajilipa. Halafu nasema, lakini mtu wa kisasi hamalizi siku tatu njiani na mtoto mapajani. Halafu nasema, pengine yote mawili, kwani haiwezekani? Sijawahi kumuuliza. Nikimuuliza atasema nilicheza vibaya. Nami nilikuwa na msemo wangu, mtu humjui mpaka umuone akifungwa, kumbe siku ile aliyefungwa ni mimi, na yeye ndiye aliyekuwa anaangalia. Sijui aliona nini.

Kuhusu kulipa, nilijiapiza nisikupe rai yangu, wewe ushakuwa mtu mzima na pesa ni yako. Sikwambii ulipe, sikwambii usilipe. Waliotangulia wametangulia. Ila mjane wa muuza kahawa bado yupo, paa lake linavuja, na kama mtu angempelekea makuti kimya kimya bila kutaja daftari wala opresheni, mimi nisingeona ubaya. Lakini nimesema sisemi, nimenyamaza.

Ami yako macho yamemwisha. Daktari anasema ni mtoto wa jicho, na yeye anaahirisha kila mwaka, mtu aliyevuka Tana imejaa anaogopa kisu kidogo cha jicho. Sasa anacheza kwa vidole, anapapasa shimo anahesabu. Juzi baada ya alasiri tulikuwa tunacheza, watu wamekaa, akawa anazungusha, nikaona kete mbili zinaanguka shimo moja, nimeziona kwa macho yangu haya, na ya mwisho ikafika pale inapokula badala ya kulala. Akanila nyumba yote.

Nilitazama juu ya mkungu. Nikasema, "Umenipata."

Ukija nipigie ukiwa Mokowe nije nikupokee gatini, na ukipata zile komwe za kijivu nzuri sokoni hapo Mombasa niletee kama ishirini, zetu zimepungua.

Babako