Maswali ya wasomaji: kanisa limevunjwa, tushikane vipi?

Wapendwa, mwezi huu meseji zimekuja nyingi na karibu zote zinazunguka jambo moja, watu waliozoea kuonana kila Jumapili na sasa hawaonani. Wengine kanisa linajengwa upya, wengine kazi haziwaachii, wengine miguu imegoma. Nimechagua nne. La kwanza nimelijibu kwa kirefu maana nimelipitia mwenyewe.

Bwana Yesu asifiwe mama. Mimi ni mzee wa kanisa huku Mbagala. Kanisa letu tumelivunja ili tujenge kubwa, tuliambiwa miezi minane. Shule waliyotuazima darasa wamesema tuachie, mchungaji akasema basi kwa sasa tuwe tunakutana kwenye grupu la WhatsApp. Grupu lina watu 340. Mwanzoni lilichangamka kweli, sasa hivi anayeandika ni mwinjilisti na watu watatu wa kwaya, wengine ni amen amen tu na kuna walioleft kimya kimya. Sadaka imeshuka, ujenzi umesimama. Tufanyeje?

Amina baba, shikamoo, na poleni sana. Mwaka 2017, barabara ya Morogoro ilipokuwa inakwenda kupanuliwa kutoka Kimara mpaka Kibaha, zile kilomita 19.2, majengo mengi yaliyokuwa ndani ya hifadhi ya barabara yalivunjwa na kanisa letu likiwemo. Nakumbuka tulivyobeba mabenchi kichwani tukayagawana, huyu mawili huyu matatu, tukasema tutayakusanya tukipata pa kusalia. Mawili yalikaa kibarazani kwangu muda mrefu na kila nikikalia lile moja lililokatwa herufi kwa kisu na watoto wa sunday school nilikuwa naumia.

Sasa nikuambie tulipokosea, naona na nyie mnaelekea huko huko. Tulikuwa tunawatangazia watu, hatuwatafuti. Kutangaza ni unaandika neno moja kwa watu 340 alafu unasubiri amen. Kumtafuta ni unampigia yule mama wa benchi la tatu unamuuliza lile goti linaendeleaje, na mwanao alipata ile kazi ya bandarini? Kanisani kutafutana kulikuwa kunatokea kwenyewe baba, mnatoka ibadani mnasimama pale nje chini ya mti, unamuona fulani amekonda, unamuuliza. Simu haina ule mti. Kwahiyo inabidi kuwe na mtu mwenye kazi ya kuuliza.

Jumuiya mnazo tayari, za nyumba kwa nyumba, lakini najua kwenye sharika nyingi zimelala, wanakuja mama watano na mwenye nyumba. Ziamsheni hizo. Gaweni watu wote 340 kwenye jumuiya za nyumba kumi mpaka kumi na tano, kwa wanapoishi na siyo kwa kwaya au ukoo, mtu aweze kwenda kwa miguu bila kupanda bodaboda. Kila jumuiya iwe na mtu mmoja mwenye kaunta buku, humo aandike jina, namba ya simu, namba ya jirani, na nyumba ilipo, ile ya kwetu tunayoelekezana, geti la bluu nyuma ya mashine ya kusaga. Kila wiki anaweka alama, nani ameonekana na nani hajaonekana. Asiyeonekana wiki mbili anafuatwa nyumbani kwake, na wa kumfuata asiwe mchungaji kwanza, awe jirani yake.

Najua kuna kijana atasema kaunta buku ya nini wakati simu ipo. Mwishoni mwa Oktoba 2025 intaneti ilipozimwa na huku Dar tukaambiwa saa 12 jioni kila mtu awe ndani, magrupu yote yakawa kimya. Kwenye jumuiya yetu waliojuana nyumba walichunguliana mchana kwa miguu, waliojuana kwa profaili picha tu walibaki hawajui kama mwenzao ni mzima. Tangu siku hiyo mimi sibishani tena na mtu kuhusu daftari.

Na msione kama mmeshuka hadhi kwa kusalia sebuleni. Paulo akimwandikia Filemoni analisalimia kanisa lililo nyumbani kwake, wala hataji jengo. Wenzetu Wakatoliki maaskofu wao wa Afrika Mashariki waliweka mkazo wa jumuiya ndogo ndogo mwaka 1976, na ndiyo maana Mkatoliki wa Dar ukimuuliza unasali wapi anaweza kukutajia jumuiya yake hata kabla ya parokia. Na sisi Walutheri tusisahau ya kwetu, vita kuu zote mbili zilipoleta shida wamisionari wa Kijerumani wakakamatwa na kuondolewa, waliobaki na makundi ya waumini ni walimu na wainjilisti wazalendo, wengi hata mshahara hawakuwa nao, na kanisa likavuka.

Grupu la WhatsApp msilifunge, ila lipunguzieni mzigo. Liwe ubao wa matangazo, wanaandika maadmini tu. Jumapili saa moja asubuhi mchungaji anatuma voisi ya dakika saba nane, somo na maombi, basi. Nasema voisi kwasababu video ya ibada inayochukua masaa mawili inaweza kula zaidi ya GB 1, na mtu aliyejiunga bando la buku ataiangalia dakika kumi alafu atakuwa mpole. Jumuiya zinaisikiliza ile voisi pamoja sebuleni, wanaimba wenyewe, wanaombeana kwa majina. Kama kuna uwanja mnaweza kuazima basi mara moja kwa mwezi kutaneni wote, hata chini ya turubai.

Kuhusu sadaka, sidhani kama watu wamekuwa wabahili. Mtu alizoea kuinuka na bahasha yake anatembea mpaka mbele, sasa anaambiwa tuma kwa namba. Tena namba yenyewe ya mtunza hazina, jina lake binafsi! Baba, hapa mji huu ambao kila mtu ashawahi kupokea ile meseji ya "ile hela tuma kwenye namba hii", hamwezi kuwaomba watu sadaka kwa mtindo huo. Fungueni lipa namba yenye jina la usharika, muwafundishe watu wasome jina linalotokea kabla ya kuweka namba ya siri. Na bahasha zirudi, zikusanywe kwenye jumuiya, zihesabiwe palepale mbele ya watu, wawili wasaini, na Jumapili inayofuata kila jumuiya isomewe imetoa kiasi gani na kimekwenda wapi. Mifuko ya saruji mliyonunua pigeni picha.

Tumsifu Yesu Kristo. Shikamoo mama. Bibi yangu yupo Kigogo, ana miaka 81, tangu aanguke mwaka jana hatoki ndani. Ana kitochi tu na hasikii vizuri. Jumuiya yao sasa hivi mambo yote ni kwenye WhatsApp, hadi ratiba ya ibada. Juzi kaniambia "mimi nilishazikwa, bado kufukiwa tu". Niliumia sana mama. Mimi nafanya kazi Sinza naenda Jumapili tu.

Milele amina, marahaba mwanangu. Hilo neno la bibi limenikaa tangu nimelisoma.

Dada mmoja wa Mombasa tuliyesoma naye aliniambia kitu kuhusu mwaka 2020. Huku kwetu makanisa hayakufungwa, tulinawa kwenye ndoo mlangoni tukaingia, lakini kwao Kenya yalifungwa tangu Machi, na yalipofunguliwa Julai iliruhusiwa watu 100 kwa saa moja tu, na waliozidi miaka 58 wakatakiwa kubaki nyumbani, na watoto chini ya miaka 13 pia. Anasema siku ile anarudi kanisani aliangalia mabenchi ya mbele, hamna hata kilemba kimoja cha bibi, akashindwa kuimba. Kanisa limefunguliwa, wazee wako nje. Ndiyo hali ya bibi yako, tofauti ni kwamba kwenu hakuna aliyetangaza.

Fanya hivi. Mtafute katibu wa jumuiya kwa simu, mwambie jina la bibi na kwamba hatoki. Usimtumie meseji, ongea naye. Omba mambo mawili: aandikishwe kwa padre kwenye orodha ya wagonjwa ili aletewe Komunyo nyumbani, kama siyo padre basi mhudumu wa Ekaristi, na ibada ya jumuiya angalau mara moja kwa mwezi ifanyike chumbani kwake. WAWATA wa hapo, umoja wa wanawake Wakatoliki, nao waambie, hao mama wakishajua hawahitaji kukumbushwa. Siku ambazo hakuna anayekuja, akae na Radio Maria au Radio Tumaini, Misa ikifika kwenye Komunyo asali ile sala ya Komunyo ya tamaa, ya kumpokea Yesu moyoni, bila shaka anaijua kwa kichwa kuliko mimi na wewe.

Kuhusu kitochi, usikidharau. Jumuiya yetu tuna mzee mwenye kitochi na masikio ya hivyo hivyo. Alhamisi jioni mwenyekiti anampigia simu ya kawaida, anaweka spika, simu inakaa katikati ya meza. Kule kwa mzee mjukuu anaiweka simu yake ndani ya sufuria tupu, ile sauti inagonga pembeni inatoka kubwa. Wimbo haulingani, yeye anakuwa nyuma yetu kama mstari mzima, tunamaliza ubeti tunanyamaza, alafu tunamsikia bado anamalizia peke yake kwenye ile spika. Hakuna anayemkatiza. Tunasubiri amalize ndiyo tunaingia ubeti wa pili.

Na mwisho mpe bibi kazi, mwanangu. Mtu akiletewa tu kila kitu anajiona mzigo. Chukua kwa katekista majina matano ya watoto wa kipaimara, umsomee, awaombee kwa zamu, kila siku mmoja, na jioni ampigie huyo mtoto kumwambia leo nimekuombea. Salio la dakika utamuwekea wewe.

Habari mama. Mimi ni nesi, nina zamu, wiki tatu mfululizo Jumapili niko kazini. Mtumishi mmoja aliniambia naasi Waebrania 10:25. Ni kweli?

Hapana binti yangu. Huo mstari unasema tusiache kukusanyika kama ilivyo desturi ya wengine, unaongea na mtu aliyezoea kuacha, wewe hujaacha, uko wodini unageuza wagonjwa. Ila usikubali Jumapili ikipotea na wiki yote ipotee. Uliza jumuiya yenu inakutana siku gani, na kama zamu inagonga hapo pia basi tafuta wawili watatu wanaosali hapo kazini, muombe dakika kumi wakati wa kupokezana zamu. Na mtumie mchungaji wako ratiba ya zamu zako za mwezi, ajue upo wapi.

Bwana asifiwe. Mama mimi naishi Mbezi. Nilihama kutoka Temeke na sikutafuta kanisa, naangalia ibada YouTube, mahubiri mazuri kuliko hata kanisani kwetu, nakaa na chai yangu, sijachelewa daladala, hakuna wa kunisema nimevaa nini. Nasali na sadaka natuma. Kwanini nirudi kukaa kwenye joto?

Amina mwanangu. Nimefurahi umesema ukweli wako, na sina nia ya kukusuta. Mahubiri mazuri ni mazuri, mimi pia nayasikiliza nikikunja nguo.

Lakini niulize na mimi. Mwezi uliopita ungeugua siku nne, nani kwenye hiyo ibada angejua? Mhubiri ana watazamaji maelfu, anaona namba tu inapanda na kushuka, hawezi kukujua hata akitaka. Na upande wa pili, ni nani wewe unamjua kwamba anaumwa? Hapo ndipo napopata shida na hiyo chai yako. Kwenye YouTube hakuna anayekuudhi, ni kweli, na hakuna anayekuhitaji. Mtu wa benchi lako anaimba vibaya, anakukanyaga, mtoto wake anakumwagia juisi kwenye gauni, alafu siku ya msiba wako ndiye anakuja na sufuria kubwa na mkaa saa kumi na moja alfajiri kabla ndugu zako hawajafika kutoka mkoani.

Nina familia nazijua zilizokuwa bonde la Msimbazi, baada ya mafuriko ya Desemba 2011 wakahamishiwa Mabwepande. Walitoka kwenye makanisa tofauti tofauti, wamefika kule kwenye mahema, hamna kanisa, na mama mmoja akaanza kupita hema kwa hema kila jioni anauliza, hapa kuna anayesali? Aliyesema ndiyo, waliombea palepale. Hakuwa na spika wala mtandao. Leo ukienda kwa hao watu hawakumbuki yalisomwa mahubiri gani, wanakumbuka nani alipita kwenye hema lao.

Endelea kuangalia YouTube siku za wiki. Ila Mbezi jumuiya zimejaa, muulize mama anayekuuzia mboga anasali wapi na siku gani, nenda mara tatu kabla hujaamua, maana siku ya kwanza kila mahali ni pageni. Na kuna mtu Temeke alikuwa anakaa karibu na wewe kanisani, naamini hadi sasa hajui ulienda wapi. Kama namba yake bado unayo, mpigie leo hii.