Maswali ya Wasomaji: Bia Kali Yenye Hopsi Nyingi, Uchungu Upi ni Wake na Upi ni Kasoro?

Shemeji amerudi kutoka California na chupa mbili zilizoandikwa Double IPA, asilimia 8. Tumefungua moja, chungu kama mwarobaini, tukaishia kuimwaga. Imeharibika au ndivyo ilivyo?
*Msomaji, Tabata, Dar es Salaam*

Pole kwa hiyo iliyomwagwa. Huenda ilikuwa nzima kabisa. Bia ya aina hii, yaani IPA (India Pale Ale) iliyoongezwa nguvu, hutengenezwa kwa kimea kingi na hopsi, maua yanayoipa bia uchungu na harufu, nyingi kupita kiasi. Uchungu wake hupimwa kwa kipimo cha IBU: lager ya kawaida huwa kati ya 8 na 25, hii huanzia 60 na kufika 100. Aliyefungua njia ni Vinnie Cilurzo, mwaka 1994, katika kiwanda kidogo cha Blind Pig mjini Temecula, California. Amewahi kueleza kwamba mitambo yake ilikuwa duni, na alitaka bia nzito itakayofunika kasoro. Baadaye, akiwa katika kiwanda cha Russian River, akatoa bia ya Pliny the Elder yenye asilimia 8, ambayo wengi huitumia kupimia nyingine.

Kwa hiyo usiulize kama ni chungu. Uliza uchungu unafanya nini baada ya kumeza. Ulio safi hupanda, hukaa kidogo, kisha hushuka taratibu na kuacha mdomo mkavu unaotaka funda jingine. Uchungu ukiacha ukakasi unaokwaruza ulimi na ufizi, hiyo ni kasoro: mara nyingi maji ya kusuuzia kimea yalikuwa ya moto mno, au maua ya hopsi yamekaa ndani muda mrefu. Na koo likiungua kama umemeza spiriti, hamira ilifanya kazi kwenye joto kubwa. Asilimia 8 inatakiwa ipashe kifua tu.

Chupa ya pili usiifungue kabla ya kusoma majibu yanayofuata.

Nawezaje kuionja ipasavyo nyumbani, bila vifaa vya kitaalamu?
*Msomaji, Thika*

Anza na glasi. Ya mvinyo, yenye tumbo pana na mdomo mwembamba, inatosha. Ioshe kwa sabuni, isuuze sana, iache ikauke yenyewe. Kitambaa huacha mafuta, na mafuta huua povu. Ukitaka kuhakikisha, ilowanishe ndani kisha nyunyiza chumvi: pale isiponata, pana mafuta.

Bia itoke kwenye friji na ikae dakika kama 10, ifike nyuzi 7 hadi 12 za Selsiasi. Ikiwa baridi kama barafu hutanusa kitu. Kwenye joto la pwani dakika 5 zinatosha.

Mimina ukiwa umeinamisha glasi, kisha isimamishe mwishoni ili povu lifike kimo cha vidole viwili. Jaza theluthi moja tu, mililita 100 hivi. Nusa papo hapo, mara mbili tatu kwa pumzi fupi, kwa sababu harufu nyepesi za hopsi hupotea kwanza. Hopsi za Marekani, nyingi zikilimwa bonde la Yakima katika jimbo la Washington, zina sauti zake: Cascade na Centennial hutoa balungi na maua, Chinook hutoa utomvu wa msonobari, Simcoe huongeza msonobari na matunda, Citra huelekea embe na pasheni. Nyuma yake tafuta kimea: mkate, biskuti, asali kidogo. Usipokipata kabisa, hopsi zimebaki peke yao jukwaani, na hapo ndipo bia nyingi za aina hii huanguka.

Kisha kunywa funda dogo, lizungushe mdomoni, umeze. Hapa hatutemi kama waonja mvinyo, kwa kuwa sehemu kubwa ya uchungu huja baada ya kumeza. Subiri dakika nzima kabla ya funda la pili. Uchungu hulimbikizana, na asiyesubiri hujikuta anahukumu mafunda yote kwa pamoja. Pembeni weka maji na mkate mkavu. Pilipili, kahawa na dawa ya meno vikae mbali kwa saa nzima kabla.

Kopo la IPA nililonunua dukani lina harufu ya boksi lililolowa. Tarehe ya mwisho bado haijafika.
*Msomaji, Nyali, Mombasa*

Hiyo ni hewa ya oksijeni pamoja na joto, na tarehe ya mwisho haikusaidii sana. Tafuta tarehe ya kujazwa. Kanuni ya wenye viwanda ni kwamba siku 3 kwenye nyuzi 32 huzeesha bia sawa na siku 30 kwenye nyuzi 22, au siku 300 kwenye nyuzi 3. Ni makadirio, lakini sasa fikiria kontena lililovuka bahari na kukaa juani bandarini. Hopsi hufa kwanza, kisha unabaki utamu wa karameli na karatasi. Sisi hatununui IPA kali iliyopita miezi mitatu, wala iliyopangwa nje ya friji, hata ikipunguzwa bei.

Kasoro nyingine tuzitaje upesi. Harufu ya kicheche ni mwanga uliopiga chupa, hasa ya kijani au isiyo na rangi. Kopo halipati hilo. Siagi au bisi: hopsi zilizoongezwa bia ikishapoa zina vimeng'enya vinavyovunja wanga uliobaki, hamira ikaamka tena, na bia ikafungwa kabla haijatulia. Jibini ni hopsi zilizozeeka ghalani. Kitunguu saumu kidogo ni tabia ya baadhi ya hopsi. Kikizidi, kiandike kama kasoro.

IPA yangu ina ukungu kama juisi. Nirudishe?
*Msomaji, Minneapolis*

Angalia lebo. Ikisema Hazy au New England, ukungu ndio mtindo wenyewe. Ya mtindo wa West Coast, yaani pwani ya magharibi ya Marekani, inatakiwa ing'ae. Ya ukungu ikigeuka kijivu au kahawia, oksijeni imeingia, hiyo irudishe.

Tuko marafiki wanne, tunataka kuzipa alama. Tufanyeje?
*Msomaji, Kilimani, Nairobi*

Tumieni mgawanyo wa BJCP, mpango wa Marekani wa kuthibitisha waamuzi wa bia, jumla 50: harufu 12, mwonekano 3, ladha 20, uzito mdomoni 5, maoni ya jumla 10. Kila mtu aandike kimya kabla ya kuzungumza, maana mmoja akisema "embe", wote watalisikia embe. Alama 38 na kuendelea ni bia bora. Chini ya 21 ina tatizo la kutajwa kwa jina. Mkitofautiana kwa zaidi ya 7, rudieni kuonja. Anzeni na nyepesi, mmalizie na kali, na zisizidi nne kwa kikao.

Kuhusu kileo, pigeni hesabu mapema. Chupa ya mililita 510 yenye asilimia 8 ina karibu mililita 41 za kileo halisi. Tusker ya mililita 500, asilimia 4.2, ina 21. Chupa moja ni Tusker mbili, kwa hiyo igawanyeni kwa wanne, na mwenye funguo za gari aishie kwenye kunusa.