Tende na maji kwanza

Asalaam alaykum Bibi. Mie ni kijana wa miaka 25, fundi seremala, kwetu Pemba upande wa Konde. Mwaka jana nilikopa shilingi milioni 3 nikanunua pikipiki, niendeshe bodaboda baada ya kazi. Mwezi wa nne ikaibiwa. Mkopo upo palepale, mchumba wangu kaposwa na mwingine, na barazani wananiita "tajiri wa pikipiki". Naamka saa tisa za usiku, nahesabu deni mpaka inaadhiniwa alfajiri. Siku hizi nikilala naomba nisiamke. Nilimwambia rafiki yangu, akanambia hiyo ni dhambi, nizidishe ibada. Nasali, Bibi, lakini moyo hausikii. Mtu anaishi kwa ajili ya nini?
Seremala, Kaskazini Pemba

Waalaykumu salaam, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara tatu, ya mwisho nimevua miwani.

Kabla ya jambo jingine nakuuliza kama nilivyokuwa nikiwauliza wagonjwa zamu ya usiku, miaka 31 ya unesi: unafikiria kujiua? Umeshapanga namna? Usishtuke. Watu huogopa kulitaja neno hilo wakidhani watampa mtu wazo. Sivyo. Wengi niliowauliza walishusha pumzi kama waliotuliwa mzigo kichwani. Ikiwa jibu lako ni ndiyo, weka gazeti chini, kamwamshe mtu wa nyumbani. Kitu chochote ulichokiweka kwa nia hiyo akichukue akiweke mbali nawe, na akufikishe hospitali usiku huohuo. Usibaki chumbani peke yako.

Sasa la rafiki yako. Simlaumu, kaogopa tu. Lakini aya inayokataza mtu asijiue haikuishia kwenye katazo. Inamalizia kwa kusema kuwa Mwenyezi Mungu anaturehemu, na nusu hiyo watu huimeza. Tena hebu ifungue Sura Maryam, aya ya 23. Uchungu wa uzazi umemshika Bibi Maryam, yuko peke yake kwenye shina la mtende, anasema laiti angalikufa kabla ya hayo akasahaulika kabisa. Si maneno yako hayo? Alijibiwa nini? Hakukemewa. Aliambiwa asihuzunike, chini yake pana kijito. Atikise shina, tende mbivu zitamwangukia. Ale, anywe, jicho lake litulie. Tende na maji, basi. Na kutikisa atikise mwenyewe, mzazi na hali yake ile!

Nayasema haya kwa kuwa na mie yalinifika. Mwaka 1994, Wete, nilijifungua mtoto wangu wa tatu nikaingiwa na giza. Mtoto analia, namwangalia kama wa jirani. Nesi mzima, dalili nilizisoma chuoni, na bado sikujijua. Majirani wakasema nina shetani. Shangazi yangu hakusema kitu. Kila asubuhi alikuja na bakuli la uji wa pilipili manga, akakaa mpaka nimalize, akaondoka na bakuli lake. Siku ya tisa au ya kumi akamwaga pakacha la karafuu mbele yangu. "Nichambulie pishi moja tu, mikono inaniuma." Uongo mtupu, mikono yake ilikuwa mizima kuliko yangu. Nikaanza. Unakishika kishada, unakisokota kwenye kiganja, karafuu huku, makonyo kule. Pishi moja ilinichukua tangu adhuhuri mpaka alasiri, vidole vikawa vyeusi, vinanukia. Kesho yake mvua ikashuka ghafla, karafuu zimeanikwa uani kwenye jamvi, nikajikuta nimeshatoka mbio kuanua kabla sijawaza lolote. Nikasimama mlangoni nimerowa, nikacheka. Mpaka leo sijui nilicheka nini. Baadaye nilikwenda kwa daktari pia, nikameza dawa miezi kadhaa.

Ndiyo maana swali lako la mwisho silijibu leo. Saa tisa za usiku, mtu hajala wala hajalala, akili iliyochoka ina jibu moja tu, nalo ni la uongo. Mie sikukaa nikapata maana ya maisha kwanza ndipo nikainuka. Niliinuka kwa sababu mvua inanyesha na karafuu ziko nje.

Zimbabwe wana neno, kufungisisa, yaani kuwaza kupita kiasi. Sisi husema "fulani ana mawazo", tukapita. Daktari mmoja wa kule, Dixon Chibanda, alianza mwaka 2006 kuwafundisha akina bibi kukaa na wenye mawazo kwenye benchi nje ya vituo vya afya. Bibi anasikiliza, kisha anamwambia mgonjwa achague tatizo moja tu la kuanza nalo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kuwa waliokaa na bibi hao walipata nafuu kuliko waliopewa huduma ya kawaida, hata fikra za kujiua zilipungua.

Basi na mie ni bibi, na hili gazeti ndilo benchi letu. Wewe una matatu: deni, mchumba, usingizi. Nakuchagulia usingizi. Nenda hospitali ya Chake Chake, na ukifika usiseme kichwa kinauma. Sema kama ulivyoniandikia, kwamba hulali na unaomba usiamke. Wakikuelekeza Kidongo Chekundu, hospitali ya maradhi ya akili kule Unguja, nenda. Watu wamelifanya jina hilo tusi, lakini mie nimewaona wengi waliotoka pale wakarudi kazini kwao. La deni, mchukue ami yako au mzee yeyote anayejua kusema, mwende pamoja kwa aliyekukopesha mkaombe lipangwe upya. Usiende peke yako, utaitikia kila watakalokwambia. Barazani kwa wacheshi wale usipite kwa muda, zunguka njia nyingine.

Na randa yako usiitundike. Kuna mtu Konde anangoja mlango wake.

Leo kabla ya magharibi mwambie mtu mmoja wa nyumbani haya uliyoniandikia mie. Kisha niandikie ulimwambia nani. Jina lake tu linatosha.