Kamera Inacheza, Kompyuta Haioni: Ushauri kwa Wenye Mikanda ya Zamani

Kila anayenipigia simu kulalamika kwamba mkanda wake wa harusi unagoma kuingia kwenye kompyuta, namuuliza kwanza jambo moja: ukiucheza kwenye kamera yenyewe, bila waya wowote, picha inaonekana safi kwenye kioo chake? Jibu la hapo linapunguza kazi nusu nzima. Picha ikiwa safi na sauti ikasikika, basi mkanda ni mzima, hedi (kichwa kinachosoma mkanda) ni nzima, na shida iko njiani kati ya kamera na kompyuta. Lakini kioo cha kamera kikionyesha miraba miraba iliyoganda, iache kompyuta kwanza. Kitu ambacho kamera imeshindwa kukisoma, hakuna programu itakayokirudisha.

Nasisitiza hili kwa sababu wengi huanzia mwisho. Wanabadilisha programu, wanafuta Windows na kuiweka upya, na muda wote huo mkanda unachezwa na kurudishwa nyuma bila sababu. Kamera hizi ni za wakati wake. Mwanzoni mwa 2025 Sony ilitangaza kwamba inaacha kutengeneza mikanda ya MiniDV, zile kaseti ndogo za kamera, na spea za kamera sasa hupatikana kwa kufungua kamera nyingine iliyokufa. Muda wa kamera kuzunguka ni akiba, utumie kuhamisha.

Nianze na MiniDV, kwa sababu ndiyo iliyojaa kwenye makabati yetu: harusi, send-off, maulidi, mahafali za miaka ya mwanzo ya 2000. Mfumo huu ulitoka 1995, na picha yake tayari ni ya kidijitali ikiwa bado kwenye mkanda. Kwa hiyo ukiuhamisha vizuri, unanakili data ileile iliyorekodiwa siku ya tukio, bila kupoteza chochote. Njia ya kufanya hivyo ni FireWire, aina ya waya na tundu la kupitishia data, ambayo kwenye kamera za Sony imeandikwa i.LINK na kwenye nyingine DV.

Hapa ndipo penye mtego mkubwa. Kamera nyingi za MiniDV zina tundu la USB pia, na mtu akiliona anafurahi, anachomeka, kompyuta inalia kuonyesha kwamba imepata kifaa, kisha haoni video. Tundu hilo kwenye kamera nyingi liliwekwa kwa ajili ya picha za mnato zilizo kwenye kadi ya kumbukumbu. Baadhi hupitisha video, ila iliyopunguzwa ubora. Halafu kuna ule waya wa bei ndogo wenye kichwa cha FireWire upande mmoja na USB upande wa pili. Usiununue. FireWire na USB zinazungumza lugha mbili tofauti, na waya mtupu hauwezi kutafsiri. Unahitaji kompyuta yenye FireWire ya kweli ndani yake.

Kwa bahati, soko letu la mitumba lina kompyuta hizo, na mimi naona hiyo ndiyo njia ya busara kuliko zote. Dell Latitude E6400 na HP EliteBook 8440p zina tundu la FireWire pembeni, na MacBook Pro ya 2012 isiyo ya Retina ina FireWire 800. Ukiwa na kompyuta ya mezani, kadi ya FireWire ya PCI Express inachomekwa ndani na kazi inakwenda. Kagua tundu kwa macho kabla ya kulipa, usitegemee maneno ya muuzaji. Kwenye kamera tundu ni dogo, la pini 4. Kwenye kompyuta linaweza kuwa la pini 4, 6 au 9, na waya lazima ulingane pande zote mbili. Zima kamera na kompyuta kabla ya kuchomeka, hasa ule wa pini 6, kwa sababu unapitisha umeme na ukiingizwa kinyume kwa nguvu unaweza kuunguza tundu la kamera. Hasara hiyo ni ngumu kutibika.

Umechomeka na kompyuta bado haioni? Tazama kamera kwanza. Iwe kwenye hali ya kucheza, iliyoandikwa VCR, PLAY au PLAY/EDIT, si ya kurekodi. Toa kadi ya kumbukumbu. Tumia adapta ya umeme, si betri, maana kamera nyingi hujizima zenyewe zikiwa kwenye betri. Kama ni kamera ya HDV, ile inayorekodi picha ya HD kwenye mkanda huohuo, ingia kwenye menyu uhakikishe haijalazimishwa mfumo usio wa mkanda ulionao.

Kisha geukia Windows. Kuanzia Windows 8 Microsoft iliondoa draiva (programu inayoiwezesha kompyuta kuwasiliana na kifaa) ya zamani ya FireWire, ile ya 1394 OHCI yenye neno Legacy, na kamera nyingi zinaihitaji. Inapakuliwa kwenye tovuti ya Microsoft, unaiweka, unaichagua kwa mkono kwenye orodha ya vifaa. Nimeona kompyuta iliyokuwa kimya kabisa ikiitambua kamera mara tu draiva hiyo ilipoingia. Kwa kunakili mimi hutumia WinDV, programu ndogo na ya bure. Wenye Linux wana dvgrab. Wenye Mac watumie iMovie, ila wajue kwamba macOS Tahoe ya 2025 imeondoa FireWire kabisa, kwa hiyo Mac uliyoitenga kwa kazi hii usiipandishe toleo.

Kuna tatizo jingine linalowatisha watu bure: uhamishaji unakwenda vizuri, kisha unakatika kwenye dakika ya 19 hivi, kila mara palepale. Mkanda hauna kosa. Video ya DV inakula takribani GB 13 kwa saa, na diski ya nje au fleshi iliyoandaliwa (format) kwa mfumo wa FAT32 haikubali faili moja kuzidi GB 4. Andaa diski upya kwa NTFS au exFAT, baada ya kuhifadhi pengine vilivyomo. Fremu zikidondoka na video ikarukaruka, nakili kwenye diski ya ndani ya kompyuta na ufunge programu nyingine zote. FireWire haisubiri: kompyuta ikichelewa sekunde moja, sekunde hiyo imepotea kwenye faili lako, ingawa mkandani bado ipo.

Sasa upande wa pili, ule wa picha mbovu kwenye kioo cha kamera yenyewe. Sisi tunaoishi Dar, Tanga, Mombasa au Unguja tuna adui wa pekee, nao ni unyevu. Mkanda uliokaa miaka kwenye kabati la chumba kisichopitisha hewa huota ukungu. Kabla ya kuingiza mkanda wowote kwenye kamera, inua kifuniko chake kidogo uangalie kwenye mwanga, na utazame pia roli kupitia dirisha la juu. Ukiona unga mweupe au madoa, usiucheze. Ukungu unachafua hedi, na hedi chafu inaupeleka kwenye mkanda unaofuata. Mpe fundi anayejua kufungua mikanda, na ikiwezekana usafishwe na kuchezwa kwenye kamera isiyotegemewa kwa kazi nyingine.

Unyevu una sura nyingine. Ukiitoa kamera kwenye chumba cha kiyoyozi na kuipeleka sebuleni penye joto, mvuke hujikusanya ndani. Kamera nzuri huonyesha alama ya tone na kukataa kufanya kazi. Iache wazi, bila mkanda, kwa saa moja hivi. Kuilazimisha ni kuufanya mkanda ugande kwenye ngoma ya hedi, inayozunguka mara 9,000 kwa dakika, na mkanda wa MiniDV ni mwembamba mno kuhimili hilo.

Kama mkanda hauna ukungu na picha bado ina miraba au mistari ya kulala, hedi inawezekana ni chafu. Ipo kaseti maalumu ya kusafishia, ile kavu: unaiingiza, unabonyeza play kwa sekunde 10 hivi, unaitoa. Usiirudie mara nyingi, kwa sababu inasafisha kwa kukwangua. Kisha jaribu mkanda mwingine. Wa pili ukicheza vizuri, uliza ule wa kwanza ulirekodiwa kwa SP (mwendo wa kawaida) au LP (mwendo wa polepole, ili mkanda uchukue muda mrefu zaidi). Kwenye SP kila mstari wa data una upana wa mikromita 10, kwenye LP ni chini ya 7, na mkanda wa LP mara nyingi husomeka vizuri na kamera iliyourekodi tu. Shangazi yangu alipoleta mikanda yake ya LP, nilimwomba, "Shangazi, niletee na kamera yenyewe, hata kama unaona imekufa." Ilikuwa imekufa chaja tu. Mikanda iliyokuwa ikikatakata kwenye kamera yangu ilicheza yote.

Mikanda ya kamera za zamani zaidi, Video8, Hi8 na VHS-C, ni habari nyingine, kwa sababu si za kidijitali. Hizi hutoka kwa waya wa AV, njano kwa picha, nyeupe na nyekundu kwa sauti, kuingia kwenye kifaa cha kunasa video cha USB. Ukisikia mngurumo na picha haipo, chunguza waya: ule wa kichwa kimoja kidogo upande wa kamera hupangwa tofauti kwa kila kampuni, na waya wa kamera nyingine unaweza kupeleka sauti mahali pa picha. Ukiona picha nyeusi na nyeupe au inayopanda juu mfululizo, mkanda huenda ni wa NTSC, mfumo wa picha wa Marekani, na hii ni kawaida kwa mikanda iliyotumwa na ndugu walioko Marekani, wakati huku tulitumia mfumo wa PAL. Badilisha chaguo hilo kwenye programu ya kunasia. Mwenye kupata kamera ya Digital8, aina ya kidijitali iliyotumia kaseti za ukubwa huohuo wa Hi8, inayocheza mikanda ya Hi8 asiiachie: inatoa picha kwa FireWire, safi kuliko kifaa chochote cha USB cha bei rahisi nilichowahi kushika.

Video ikishaingia, utaona wanaocheza ngoma wana mistari pembeni kama meno ya kitana. Huo si uharibifu. Picha ya PAL ilirekodiwa kwa nusu mbili zinazopishana, nusu 50 kwa sekunde, na kioo cha kompyuta kinazionyesha pamoja. Kwenye VLC, programu ya kuchezea video, washa uondoaji wa mistari (deinterlace) utaona imetulia. Ukitengeneza nakala ya kutuma WhatsApp, ondoa mistari kwenye nakala hiyo, lakini lile faili kubwa la DV usiliguse. Liweke kwenye diski mbili, moja ikae nyumba nyingine, na mkanda wenyewe uusogezee kile kitelezi chake upande wa SAVE, usije ukarekodiwa juu, kabla ya kuurudisha kabatini.